Programu imekutupa nje kwa sababu simu yako ya zamani? Wana Kusini tupeane uzoefu

Mdau wa Chuno:
Wakuu habari za jioni. Leo nimetoka Nanyamba kumuona babu yangu mzaa mama, nimemkuta kakaa chini ya mkorosho simu iko mkononi anaibonyeza tu. Shikamoo yangu kaiitikia nusu kisha kanipa simu, "mjukuu wangu hebu tazama, hii inasema imezeeka, mbona mi nimezeeka na shamba naenda?" Simu yenyewe ya tachi, Android 5.1, kioo kina ufa toka kona mpaka kona, mfuniko wa nyuma umeshikwa na mpira wa kufungia noti. Ni ile programu aliyokuwa anaangalizia bei za mnada wa korosho. Ukiifungua inakwambia fanya apdeti ndo uendelee, ukibonyeza apdeti inakupeleka Play, lile duka la programu la Google, Play inakwambia kifaa chako hakioani na toleo hili. Unarudi nyuma, inakwambia tena fanya apdeti. Babu kazunguka hapo siku tatu akidhani anakosea yeye.

Sasa kilichoniuma zaidi, mi mwenyewe kazi yangu ndo hiyo, natengeneza programu za simu, na kuna kazi moja niliwahi kupandisha Android ya chini inayokubaliwa na programu kutoka 5 mpaka 8 kwa dakika moja, nikaendelea na mambo yangu. Sikujiuliza nani yuko upande wa pili. Watengenezaji, mafundi, makarani, watumiaji, tupeane uzoefu: nini kilikukuta, na tunafanyaje simu mpya zipate vitu vizuri bila kuwatupa hawa wazee wetu?

Ming'oko:
Kwetu Mtama ivo ivo. Mama yangu mdogo yuko kwenye huo mduara toka juzi.

Karani wa Zamani:
Umenikumbusha kitu ambacho sijawahi kukisimulia. Nilikuwa karani wa ghala huku Tandahimba msimu mmoja, chama sikitaji na wenye programu siwataji. Tulipewa programu ya kupokelea mzigo, unaingiza jina la mkulima, kilo, daraja, inatoa risiti kwenye kile kiprinta kidogo cha bluutuuthi. Ilikuwa nzuri kweli, foleni ilikuwa inaenda. Makarani tulikuwa watano kila mtu na simu yake ya mfukoni, hatukupewa simu.

Sasa usiku wa kuamkia siku kubwa ya mapokezi wakaitoa apdeti. Asubuhi watu wameanza kufika saa kumi na moja alfajiri, guta zimejaa, bodaboda gunia mbili mbili, nafungua simu, imegoma. Namuuliza mwenzangu, imegoma. Kati ya watano simu mbili tu ndo zimekubali. Tukapiga kwa wahusika, jibu "tumieni simu zenye Android 8 kuendelea". Saa hiyo ya asubuhi, kijijini, Android 8 naichuma kwenye mti gani?

Tukatoa daftari. Lakini risiti ya daftari wakulima hawaiamini na wana haki, wameshaibiwa sana kwenye vikaratasi, wakasema hatupimi mpaka mashine itoe risiti. Basi watu wote wakahamia foleni mbili. Saa nane wingu likafunga upande wa Newala. Mnajua korosho ikilowa nini kinatokea, unyevu ukizidi mzigo unarudishwa ukaanikwe upya, daraja lenyewe linaweza kushuka. Kulikuwa na mama mmoja mtu mzima ana gunia mbili, alifika alfajiri ile ile. Mvua ilipoanza alivua kitenge cha juu akafunika gunia, akazikalia pembeni kabisa, maji yanamtiririka yeye. Nilienda na mwavuli akakataa kuingia chini yake, akasema funika huku mwanangu, akanionyesha kona ya gunia iliyobaki wazi. Nilisimama pale nimeshika mwavuli juu ya gunia mpaka zamu yake ikafika, magharibi inaingia.

Toleo la zamani walilirudisha baada ya siku mbili. Baadae kijana wao mmoja akaniambia sababu ya kupandisha ilikuwa ukurasa mpya wa grafu kwa ajili ya viongozi, ile michoro ilikuwa haikubali kwenye Android za chini. Karani haoni grafu, karani anaandika kilo. Kwanini mimi nizimiwe kilo kwa ajili ya grafu ya mtu mwingine? Mpaka leo nikiona neno apdeti naliona lile kitenge.

Mama Wawili:
Nimesoma hapa nimeshindwa kuendelea kupika.

Kijana wa Mjini:
Poleni ila tuseme ukweli, simu mpya ya kawaida laki na nusu unapata. Mtu anauza korosho tani nzima anashindwa kubadili simu? Teknolojia haimsubiri mtu. Zile simu za zamani si zilizimwa 2016 na serikali?

Fundi Stendi Masasi:
Usichanganye mambo mkuu. Zilizozimwa usiku wa tarehe 16 Juni 2016 ni simu feki, zenye IMEI bandia, ile namba ya utambulisho wa simu. Simu ya zamani ambayo ni halali haikuguswa, mi mwenyewe hapa mezani ninayo Nokia ya batani ya kabla ya hapo na inapiga.

Ming'oko:
Na hiyo tani nzima ni ya nani? Wengi wetu huku ni gunia tatu nne. Hela inaingia msimu, inatoka palepale kwenye ada, salfa, bati, deni la dukani. Simu inanunuliwa Novemba, haiwezi kununuliwa Machi kwa sababu mtu wa ofisini kabadili namba.

Kijana wa Mjini:
Sijatukana mtu. Nasema na mtengenezaji naye ana mzigo. Simu za zamani hazipati viraka vya usalama, akiacha mlango wazi wataibiwa hao hao wazee mnaowatetea. Hata WhatsApp pamoja na utajiri wote tarehe 24 Oktoba 2023 waliacha Android zote zilizo chini ya 5.0, na Mei 2025 wakaacha iPhone zisizofika iOS 15.1, yaani 5s na 6 zote zikaenda. Hao nao mtawagombeza?

Mdau wa Chuno:
Hapo kwenye usalama uko sahihi, silipingi. Ila WhatsApp walitangaza mapema, mtu akajua tarehe. Na wanasema wazi kwamba wanaangalia zipi zimebaki na watu wachache zaidi. Mimi nilipopandisha sikuangalia chochote.

Niseme kitu kwa watengenezaji wenzangu maana wengi tunakichanganya. Google Play kila mwaka inatudai tulenge toleo jipya la Android, hiyo kweli ni lazima. Lakini toleo unalolenga na toleo la chini unalokubali ni namba mbili tofauti. Unaweza kulenga Android ya juu kabisa na mlango wako wa chini ukabaki 5. Kitu kipya unakiwekea sharti ndani, kama simu inaweza onyesha grafu, kama haiwezi onyesha namba tupu, maisha yanaendelea. Na hata ukilazimika kupandisha, Play inakuruhusu ubakize toleo la zamani kwa ajili ya simu za zamani na jipya liende kwa zinazoweza. Kilichomkwamisha babu sio Android, ni yule aliyeweka ukuta wa "fanya apdeti" bila kuuliza kama simu hiyo ina apdeti ya kufanya.

Karani wa Zamani:
Kwahiyo ile siku yetu ilikuwa ni sharti moja tu la kuandika?

Mdau wa Chuno:
Kwa ulivyoeleza, ndio kaka. Pole sana.

Baba Somoe:
Mi sio mtaalamu ila ngoja niseme yangu. Tupo kijijini Newala, usiku wa saa saba mke wangu uchungu ukamkamata kabla ya siku zake. Umeme ulikatika toka asubuhi. Nyumbani kuna smatifoni tatu, ya mdogo wangu imezima, ya mke imezima, yangu ina asilimia kumi na moja. Naishika nipige, ikajizima ikajiwasha yenyewe, kumbe mchana ilijipakulia apdeti. Ikaleta ile skrini, inaboresha programu ya 1 kati ya 84. Wakuu nilisimama na ile simu giza limejaa naangalia 2 kati ya 84, 3 kati ya 84, mke analia ndani, na siwezi kuipiga wala kuisimamisha. Ilifika 19 ikazima kabisa, chaji imeisha.

Nikatoka nje napiga kelele majirani. Bibi yangu mzaa baba analala chumba cha uani, akatoka na kile kitochi chake, simu ya batani yenye tochi kichwani, kile anachochaji mara moja kwa wiki kwa jirani mwenye sola. Akanipa bila kuuliza kitu. Nikapiga 115, ile namba ya bure ya m-mama ya usafiri wa kinamama wajawazito, ikaita mara mbili wakapokea, wakaniuliza kijiji, hali ya mgonjwa, wakaniambia gari inakuja nisimsogeze. Yule bibi muda wote kashika kona ya shati langu hasemi neno. Gari ilikuja. Tulifika.

Mama Wawili:
Mtoto??? Usituache hapo baba

Bibo Kavu:
Mama yake je alipona?

Baba Somoe:
Wote wazima, alhamdulillah. Ana miaka miwili sasa.

Mama Wawili:
Ndo huyo Somoe?

Baba Somoe:
Ndo huyo. Jina la bibi.

Bibo Kavu:
Nimelia mie. Mpeni bibi Somoe heshima zake.

Kijana wa Mjini:
Hongera sana kaka. Ila hii si habari ya programu, turudi kwenye mada.

Ming'oko:
Hii ndo mada yenyewe! Simu iliamua kujitengeneza usiku bila kuuliza mwenye nyumba ana shida gani, kitochi cha mtandao wa zamani ndo kikafanya kazi. Unataka mada gani nyingine?

Mama Wawili:
Na wale wanaosema mitandao ya zamani izimwe zibaki 4G tu wasome hapa.

Fundi Stendi Masasi:
Ushauri wa bure. Babu wa Nanyamba kabla hujalaumu programu angalia tarehe ya simu. Nusu ya simu za zamani zinazoletwa mezani kwangu "intaneti haifungui" ni betri imechoka, ikizima tarehe inarudi miaka ya nyuma huko, ukifungua tovuti inakwambia muunganisho wako si wa faragha. Mtu ananunua bando mara tatu kumbe tarehe.

Tarehe ikiwa sawa na bado inagoma, basi ni vyeti, vile vitambulisho vya kidijitali ambavyo simu inavitumia kuiamini tovuti. Tarehe 30 Septemba 2021 kilikwisha muda wake cheti kimoja kikubwa ambacho tovuti nyingi sana zilikuwa zimekiegemea, zile zinazotumia Let's Encrypt, shirika linalotoa vyeti bure, na kipya chake Android zilizo chini ya 7.1.1 hazikijui. Waliweka njia ya pembeni kuzibeba simu za zamani, nayo muda wake ukaisha 30 Septemba 2024. Wateja wa namna hiyo nilikuwa nawawekea kivinjari cha Firefox, kina orodha yake ya vyeti hakitegemei ya simu, mpaka 2025 nao matoleo mapya wakayapandisha yaanzie Android 8.

Bibo Kavu:
Mi ningesema weka ROM nyingine tu, yaani mfumo mwingine wa simu, unapata Android ya juu kwenye simu hiyo hiyo, nilifanya Lindi mjini ikakubali.

Fundi Stendi Masasi:
Usimwambie mtu hivyo na simu ya mzee wake. Moja ikikubali mbili zinakufa zinabaki tofali. Na namba za watu wake wote ziko humo humo.

Bibo Kavu:
Yangu ilikubali lakini.

Ming'oko:
Dawa ni menyu ya nyota na reli. *150*00# ya M-Pesa haijawahi kuniambia simu yangu ya zamani, *152*00# ya huduma za serikali ivo ivo, kitochi na simu ya milioni mbili wote tunaingia mlango mmoja. Bei za mnada ziwekwe huko, mwisho wa habari.

Karani wa Zamani:
Na mimi naipenda ila ukiwa katikati inakatika unaanza upya, na meseji moja haibebi maelezo mengi. Kwa kumuonyesha babu bei ya leo inatosha kabisa. Kwa kupokea mzigo ghalani haitoshi.

Mama Wawili:
Wanaotengeneza wapewe simu ya babu waitumie mwaka mzima, ndo mshahara utoke.

Mdau wa Chuno:
Mama hilo naona umelisema kama utani ila nimelifanya. Wiki iliyopita nimenunua hapa sokoni simu ya Android 5.1 iliyotumika, RAM giga 1, hifadhi giga 8, nimeiweka mezani. Programu yangu ile niliyoipandisha nimeirudisha mpaka 5. Ilinichukua siku mbili, kilichokuwa kinazuia ni maktaba moja tu ya picha, yaani kodi iliyoandikwa na wengine ya kuonyeshea picha, nimeitoa. Kufunguka ilikuwa inachukua sekunde 14, nikagundua inapakua picha kubwa ambazo hakuna anayeziangalia, nikazipunguza ikawa 4. Na kwenye simu yangu mpya nayo imekuwa nyepesi kuliko mwanzo, hilo sikulitegemea.

Ya babu nimewaandikia wenye programu, nimewaelekeza na jinsi ya kuondoa ule ukuta. Hawajajibu bado. Kwa sasa namtumia bei kwa meseji ya kawaida kila baada ya mnada, anaisoma kwa sauti watu wa barazani wasikie.

Fundi umenisaidia, tarehe yake ilikuwa 2012. Nikiirekebisha ikizima tu inarudi.

Fundi Stendi Masasi:
Basi betri hiyo. Fungua mfuniko usome namba iliyoandikwa kwenye betri, unitumie. Aina hizo ninazo mbili tatu kwenye droo, nitampa konda wa gari la asubuhi la Mtwara, uipokee stendi.