Naomba ushauri: hadubini ya kuwaonyesha wanafunzi seli

Habari zenu wakuu. Nafundisha Baiolojia tuisheni huku Mbagala, kidato cha kwanza. Watoto wanakariri kwamba Robert Hooke aliona seli mwaka 1665 kwenye kipande chembamba cha kizibo, ila wengi hawajui kwamba alichoona ni kuta tupu za seli zilizokufa. Vijidudu hai vilikuja kuonwa na Leeuwenhoek kwenye maji ya ziwa, miaka ya 1670. Nataka waone wenyewe, kuchora ubaoni hakutoshi kabisa.

Hadubini niliyoazima inakuza mara 400. Ngozi ya ndani ya kitunguu maji ikiwekwa tone la ayodini inapendeza mno, seli zimepangana na kiini cha kila moja kimeiva rangi ya kahawia. Shida ni mapovu ya hewa chini ya kile kioo chembamba cha kufunikia: yana ukingo mweusi wa duara, watoto wanayachora wakidhani ndiyo seli.

Mnayazuiaje? Na mwenye uzoefu wa Kariakoo anielekeze hadubini nzuri inayotumia kioo cha kuakisi mwanga wa jua, maana umeme huku unakatika, pamoja na kishikio cha kufunga simu juu yake ili darasa zima lione. Natanguliza shukrani.