Mnamwachishaje mgonjwa ngano kabla hamjampima seliaki?

Wakuu, nina hasira na sitaificha. Kwa asiyeijua, seliaki ni ugonjwa ambao mtu akila ngano, kinga ya mwili wake inashambulia utumbo wake mwenyewe.

Mdogo wangu wa kike anaharisha, tumbo linajaa gesi, kilo zinapukutika, damu haipandi. Kila akienda hospitali anarudi na mfuko wa dawa. Leo amiba, kesho taifodi, keshokutwa vidonda vya tumbo. Dozi ya kuua bakteria wa vidonda kaimeza mpaka mdomo ukawa mchungu. Vidonge vya kuongeza damu kanywa miezi na miezi, damu iko palepale. Hakuna aliyejiuliza kwa nini madini ya chuma yanaingia mdomoni lakini kwenye damu hayafiki. Madini hayo hufyonzwa mwanzoni mwa utumbo mwembamba, na seliaki hushambulia hapohapo. Daktari gani hajui hilo?

Nilipoitaja seliaki nikaambiwa huo ni ugonjwa wa wazungu. Nani kasema? Watoto wa Kisahrawi, watu wa Sahara Magharibi, Waafrika kabisa, walipimwa na utafiti ukachapishwa 1999: zaidi ya 5 katika kila 100 walikutwa nao. Huko Ulaya penyewe ni kama 1 katika 100. India kaskazini wanakoishi kwa chapati wagonjwa wamejaa. Na sisi siku hizi asubuhi ni chapati, saa nne andazi, jioni mkate.

Ila kilichonifanya nifungue uzi huu ni bingwa wa mfumo wa chakula. Tumehangaika kupata rufaa, bima ikagoma, tukalipa taslimu. Bingwa akasikiliza dakika chache, akasema: "Acha ngano kwanza, ukipata nafuu tutajua." Mdogo wangu akaacha. Akapata nafuu kweli, kuharisha kukakata. Alipokwisha kukaa miezi bila ngano ndipo bingwa akaandika kipimo cha damu. Majibu hasi. "Huna seliaki, punguza mawazo."

Jamani! Kipimo kile kinatafuta kingamwili ambazo mwili unazitengeneza kwa sababu mtu anakula gluteni, ile protini ya ngano, shayiri na rai (nafaka ya jamii ya ngano). Ukiacha kuila, kingamwili zinashuka, na kipimo hakioni kitu. Miongozo ya Uingereza iko wazi: mtu anayepimwa awe anakula gluteni kwenye mlo zaidi ya mmoja kila siku, kwa wiki 6 au zaidi. Tena inatakiwa kupima na IgA ya jumla, aina mojawapo ya kingamwili, kwa sababu mwenye upungufu wa IgA anaweza kupata majibu hasi na ugonjwa anao. Hiyo hata haikuandikwa.

Na kamera alishamezeshwa zamani, walipokuwa wanatafuta vidonda, wakati bado anakula ngano. Ilifika mpaka kwenye duodeni, yaani mwanzo wa utumbo mwembamba, wakaandika "kawaida", wakatoka bila kuchukua kinyama cha kupima. Utumbo wa mgonjwa wa seliaki unaweza kuonekana mzima kwa macho, uharibifu ukaonekana kwenye darubini tu. Ndiyo maana wanatakiwa wachukue vinyama 4 au zaidi vya duodeni. Nilipouliza mbona hawakuchukua, nikajibiwa hakukuwa na haja. Mtu ana upungufu wa damu usiosikia dawa, haja gani nyingine mlikuwa mnaisubiri?

Sasa ili ajulikane ana nini inabidi arudi kula mkate wiki kadhaa, aanze tena kukimbilia chooni, kisha tulipe kamera upya. Mimi ndiye ninayemwona akilia.

Najua atakuja mtu hapa kusema si aendelee tu kuacha ngano. Mkuu, hii si mafua. Kama ni seliaki, anaacha maisha yake yote, hata chembe. Ina maana unga wa mahindi uliosagwa kwenye mashine iliyotoka kusaga ngano hatumii. Uji wa lishe usiojulikana umechanganywa nini hanywi, na kwenye shughuli za watu anabeba chakula chake. Mifupa yake ipimwe. Na sisi wa damu moja, mimi, mama na mtoto wa huyu mdogo wangu, tupimwe pia, maana kwa ndugu wa karibu uwezekano wa kuwa nao unaweza kufika 1 katika 10. Yote hayo yanataka jibu la uhakika, siyo "jaribu tuone".

Ninachotaka kwenu ni hiki. Tuko Mwanza, tuko tayari kwenda Dar, Moshi, hata Nairobi. Nani amewahi kutibiwa seliaki na bingwa aliyempima akiwa bado anakula ngano, akachukua vinyama, akamfuatilia na mtaalamu wa lishe? Nitumie jina lake PM, na gharama ya kamera pamoja na maabara kama unaikumbuka. Wauza dawa za asili za kusafisha utumbo mkae mbali na uzi huu.