Karata za Zener: kupatia 10 kati ya 25 ni kipaji au bahati?

Mdadisi_Moro aliuliza:

Wakuu, salaam. Kuna kikundi cha wanafunzi wa saikolojia kinapima telepathi, yaani kusoma mawazo, kwa karata za Zener. Seti ina karata 25 zenye alama tano: duara, msalaba, mawimbi, mraba na nyota, kila alama karata 5. Mtumaji anazichanga kwa mkono, anakaa ng'ambo ya meza na kuzitazama moja moja. Mpokeaji akishataja alama, karata inalazwa mezani ikiwa wazi ili aone kama amepatia. Wamepimwa watu 40. Mmoja amepatia 10, mwingine 9, waliobaki wote wako kati ya 2 na 8.

Sasa wanataka kuandika kwamba hao wawili wana uwezo usio wa kawaida, na sababu wanayoitoa ni "mfungamano wa kwantamu" baina ya ubongo na ubongo. Wajuzi, hizo namba zina uzito wowote? Na kama utaratibu una kasoro, waanze kurekebisha wapi?

TakwimuTu:

Mkuu, anza na hesabu, ubongo utafuata. Anayebahatisha tu hupatia wastani wa 5, na kuyumba kwa kawaida ni 2 juu au chini. Kwa hiyo 3 hadi 7 hakushangazi mtu. Uwezekano wa mbahatishaji mmoja kufikisha 9 au zaidi ni kama 4.7%, na 10 au zaidi ni kama 1.7%. Zidisha kwa watu 40: unategemea karibu wawili wafikishe 9 au zaidi, na uwezekano kwamba angalau mmoja atafika 10 ni takriban nusu kwa nusu. Walichopata ndicho hasa ambacho bahati ingewapa.

Kosa lao ni kuwachagua washindi baada ya kuona matokeo. Hao wawili warudiwe, raundi 4 kila mmoja, jumla majibu 100. Hapo wastani wa kubahatisha ni 20 na kuyumba ni 4. Kizingiti kiandikwe kabla, tuseme 30, na idadi ya raundi isibadilishwe katikati. Ukiruhusu "tuongeze raundi moja, leo amechoka", umeshaharibu kipimo, kwa sababu unasimama pale tu namba inapokupendeza.

Kibiriti_Ngoma:

Sahihi, ila hesabu hiyo inataka kila jibu lisimame peke yake, na hapa halisimami. Karata zinalazwa wazi! Mcheza karata yeyote wa kijiweni anajua maana yake: unahesabu zilizotoka. Ukiwa unataja kila mara alama iliyobaki nyingi zaidi, utapatia wastani wa 8.65 kwa seti bila kipaji chochote. Karata ya mwisho unaijua kwa uhakika. Wengi hawahesabu kwa makusudi, lakini hata kumbukumbu nusunusu ("nyota zimetoka sana") inapandisha matokeo. Kwa hiyo kizingiti cha 9 hakina maana mpaka waache kumwonyesha mpokeaji majibu.

La pili ni kuvuja kwa taarifa. Miwani ya mtumaji inaakisi karata. Karata nyembamba husomeka mgongoni mwanga ukizipiga kwa pembe fulani. Lawama hiyo iliwahi kuangukia karata zilizochapwa kwa kuuzwa enzi za J. B. Rhine, mtafiti wa telepathi wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, aliyetangaza majaribio yake mwaka 1934. Mtumaji naye hubadilisha pumzi, husita, hata midomo humcheza. Mpokeaji si lazima awe tapeli, macho na masikio yake yanafanya kazi bila kumwomba ruhusa.

La tatu ni kuchanga kwa mkono. Ule uchanganyaji wa kuhamisha mafungu hauvunji makundi, kwa hiyo mpangilio wa raundi iliyopita unabaki vipande vipande.

Rekebisheni hivi. Achaneni na seti. Programu ya namba nasibu itoe alama 1 hadi 5 kwa kila jaribio, ikiruhusu kurudia, ili kuhesabu kusisaidie. Orodha itolewe na mtu asiyekutana na mpokeaji kabisa. Mtumaji na mpokeaji wakae vyumba viwili visivyopakana, simu zibaki nje, na ishara ya "tayari" iwe taa inayojiwasha kila sekunde 15, isiwe mtumaji anayeamua lini. Mpokeaji anaandika mwenyewe kwa kalamu ya wino. Nakala ya majibu inakabidhiwa kwa mtu wa tatu kabla orodha haijafunguliwa. Watu wawili wanasahihisha kila mmoja kivyake, maana makosa ya kunakili huegemea upande wa imani ya anayenakili.

Mdadisi_Moro:

Nimeelewa, asanteni. Wao wanasema hata hivyo Ganzfeld imeshathibitisha telepathi kwa 32%. Hilo nalo?

Mama_Takwimu:

Ganzfeld ni jaribio zuri zaidi kuliko karata, nalo halidharauliki. Mpokeaji anafunikwa macho kwa nusu mbili za mpira wa tenisi ya meza, taa nyekundu inamulika usoni, masikioni anasikia mvumo usio na mpangilio kwa dakika 15 hadi 30. Mtumaji anatazama picha au filamu fupi. Mwishoni mpokeaji anaonyeshwa nne: moja halisi na tatu za kupoteza maboya. Kubahatisha ni 25%.

Majaribio ya mwanzo, miaka ya 1970, yalikuwa na shimo la wazi. Katika baadhi yake, picha ileile aliyoishika mtumaji ndiyo iliyopelekwa kwa mpokeaji achague. Alama za vidole, mkunjo, joto la mkono! Mwaka 1986 Ray Hyman, mkosoaji, na Charles Honorton, mtetezi, walikaa pamoja wakaandika masharti wanayokubaliana. Ripoti ya Bem na Honorton ya mwaka 1994, iliyotumia kompyuta kuendesha vikao, ilitoa 106 kati ya 329. Hiyo ndiyo 32% yenu. Kisha mwaka 1999 Milton na Wiseman wakakusanya majaribio 30 yaliyofuata wakakuta hakuna kitu. Mwaka 2001 yakaongezwa mengine 10 na wastani ukapanda tena. Ndipo ugomvi ulipo: ukishaona matokeo, ni rahisi mno kubishana jaribio lipi lihesabiwe.

Kwa kikundi kidogo, jua gharama. Ili kutofautisha 32% na 25% kwa uhakika wa kuridhisha unahitaji vikao kama 250, na kikao kimoja hula karibu saa nzima. Vikao 30 havitasema lolote.

Fundi_Sumaku:

Niguse hiyo kwantamu. Chembe mbili zilizofungamana hutoa matokeo yanayolingana, kweli, lakini aliye upande mmoja hawezi kuutumia mfungamano huo kupeleka ujumbe. Kila upande peke yake huona nasibu tupu; ulinganifu unaonekana pale tu kumbukumbu mbili zinapokutanishwa kwa njia ya kawaida. Nyota na mraba havipiti hapo.

Wakikimbilia "mawimbi ya ubongo", uga wa sumaku wa ubongo ukiupima nje ya kichwa uko kwenye femtotesla (kipimo kidogo mno cha nguvu ya sumaku) mia kadhaa. Uga wa dunia ni mamilioni ya mara zaidi, mamia ya mamilioni hasa. Ndiyo maana mashine za kuupima hukaa ndani ya chumba kilichokingwa, vipokezi vikiwa sentimita chache tu kutoka kwenye fuvu. Chumba cha pili? Hapana. Na isitoshe, wanatafuta maelezo ya jambo ambalo bado halijaonekana.

Kibiriti_Ngoma:

Nyongeza moja, wengi huisahau: msimamizi naye apimwe. Samuel Soal, mtafiti wa London, alisifiwa kwa majaribio ya telepathi ya miaka ya 1940 hadi Betty Markwick alipoonyesha mwaka 1978 kwamba orodha zilichezewa. Mwaka 1974 Walter Levy, mkurugenzi wa maabara ya Rhine mwenyewe, alinaswa na wenzake akipika data.

Kwa hiyo mtu wao akifika 30 kati ya 100 chini ya utaratibu wa hapo juu, wasiandike kitu bado. Wabadilishe msimamizi na aliyetoa orodha, wamwalike mfanya kiinimacho akague vyumba, kisha raundi 4 nyingine kwa kizingiti kilekile.