Filamu za mahakamani zinatujenga au zinatupumbaza?

Mleta mada (Mtwara mjini): Wakuu, jana umeme haukukatika, ajabu, tukaimaliza 12 Angry Men, ya mwaka 1957. Wazee wa baraza 12, raia wa kawaida, wamefungiwa chumbani waamue kama kijana wa miaka 18 alimuua baba yake kwa kisu. 11 wanasema ana hatia, mmoja anasema ngojeni kwanza tuzungumze. Mwisho anawageuza wote. Jirani yangu kafuta machozi, mimi nimekasirika. Yule bwana alikwenda mtaani akanunua kisu kinachofanana na cha ushahidi, akakichomeka mezani. Mzee wa baraza kujitafutia ushahidi pembeni ni kosa hata huko kwao Marekani. Na wakili aliyepewa kijana hakuhangaika kuwabana mashahidi. Kwa hiyo kilichomwokoa si mahakama, ni bahati. Yule bwana angeamka na malaria siku ile, kijana anakalia kiti cha umeme. Halafu tunaambiwa filamu inaisifu haki!

Mdau, Mikindani: Kaka, umeangalia kwa jicho moja. Baba yangu aliwahi kuwa na kesi ya mpaka wa shamba la mikorosho, Mahakama ya Mwanzo, hakimu kakaa na washauri wawili. Mwenzake kaja na karatasi yenye muhuri, baba kaja na mdomo wake tu. Mshauri mmoja, mama mtu mzima, kanga begani, akamuuliza yule mwenye karatasi: "Mkorosho wa pale kona, mabibo yake rangi gani?" Jamaa katoa macho. Baba akajibu, ya njano, na ule ulioinamia njia ndio unaowahi kuzaa. Swali moja hilo! Usiniambie mtu mmoja mwenye kuuliza yupo kwenye filamu tu.

Mdau, Masasi: Tafuteni To Kill a Mockingbird, 1962. Wakili hodari, mshtakiwa mweusi mkono wake wa kushoto haufanyi kazi, kila mtu anaona hawezi kuwa yeye. Wanamtia hatiani vilevile. Hiyo ndiyo naiamini.

Mdau, Lindi: Nyie wote mnabishana kuhusu siku ya hukumu. Ndugu yangu yuko mahabusu, kesi ya mauaji, dhamana hakuna. Kila baada ya wiki mbili anapandishwa karandinga: "Upelelezi haujakamilika, tunaomba tarehe nyingine." Hakimu anaandika, karani anaita jina linalofuata. Hata sambusa uliyonunua getini haijapoa. Filamu gani inaonyesha tarehe? Zote zinaanzia pale mashahidi wameshafika, wamevaa suti.

Mleta mada: Hapo sina jibu, mkuu. Ila Mikindani, yule mama nampa heshima yake. Nakuuliza tu, angekuwa msibani siku ile?

Mdau, Mikindani: Angekaa mwingine.

Mleta mada: Naye angeuliza habari za mabibo?

Mdau, Mikindani: Hilo siwezi kuapa. Mkuu wa Lindi, una wakili?

Mdau, Lindi: Hatujapata. Tarehe ni Alhamisi, nikipata nauli nitakwenda.