"Mashine ni nzima, mkono ndio mgonjwa." Ati NINI?

SpanaMkononi (mwanzisha uzi)

Nimetoka pale sasa hivi, hata helmeti ya boda sijavua. Yule bwana mnamjua. Barabara ya Lamu, duka lenye feni inayompulizia yeye peke yake na kalkuleta iliyofungwa kamba mteja asije akaondoka na hesabu. Jina silitaji, maana nusu ya Malindi ni mashemeji zake na nusu iliyobaki anaidai.

"Mashine ni nzima. Mkono ndio mgonjwa."

Kaniambia MIMI. Mbele za watu. Mimi ninayefungua magurudumu ya malori ya chumvi tangu wengine humu mkiogeshwa kwenye beseni.

Nilinunua kwake ile mashine ya betri ya kufungulia nati, impakti. Boksi limeandikwa Nm 1,200, ndiyo nguvu ya kuzungusha nati, kwa herufi za dhahabu. Betri imeandikwa 388VF. Nikalipa elfu kumi na nne, nikasema leo kompresa inastaafu.

Nikaitwa Gongoni, Fuso imejaa chumvi, tairi la nyuma limekwisha. Nati za malori yale mnazijua, zinakula chumvi mchana na kunywa umande wa bahari usiku. Nikavisha soketi ya 41, nikabana kitufe. Mashine ikalia tatatata kama cherehani mkesha wa Idi. Nati imetulia. Nikabana tena. Imetulia, inanitazama. Betri ikapata moto hata ungeikaangia kaimati. Dereva akatandika mkeka chini ya lori, akaswali adhuhuri, akala, akalala, akaamka, akauliza: "Bado?"

Ndipo utingo akashuka. Kijana mwembamba, ukimwona utamchangia chakula. Akatoa paipu nyuma ya kiti, akalivisha kwenye spana, akapanda juu yake. Ka! Nati ikaachia. Hakusema neno, akanirudishia soketi yangu kwa mikono miwili, kwa heshima, ndivyo ilivyouma zaidi.

Hilo nasamehe. Nikarudi dukani kistaarabu, na boksi lake, na risiti. Yule bwana hakuuliza nati gani wala gari gani. Akachukua ile boliti yake ya maonyesho iliyochomelewa pale kaunta, ambayo naapa hupakwa grisi kila alfajiri kabla ya chai, akafunga nati kwa vidole, akafungua kwa mashine. Trrr. Akaiweka chini polepole. Kisha hakunigeukia mimi. Akawageukia WATEJA. Akasema:

"Mashine ni nzima. Mkono ndio mgonjwa."

Mama mmoja aliyekuja kununua rangi akanipa pole. Ya mkono! Na kale kajana kake ka stoo kakaongeza eti ninywe supu ya pweza.

Nauliza, mji huu hauna wenyewe?

PwezaMotomoto

Supu ninayo, bakuli mia moja, nyuma ya soko la zamani. Wagonjwa wa mkono nawapunguzia.

KijanaWaMaweni

"Imetulia, inanitazama." 😂😂 Nati ilikuwa inakupiga picha.

FundiBarani

Pole ya mkono kwanza.

Sasa tuje kwenye 388VF. Hakuna volti 388 mle, ndugu yangu. Fungua ile betri utakuta seli tano zimeungana kwa mfululizo. Kila seli ni volti 3.6, ukizidisha ni 18. Ikijaa chaji inafika 4.2, basi 21. Ndiyo maana wengine huandika 18V, wengine 20V, wengine 21V, na kitu ni kile kile. Zile 128, 288, 388 ni mapambo ya plastiki, wangeweza hata kuandika mwaka wa kuzaliwa wa mwenye kiwanda.

Kinachotakiwa ni betri iweze kusukuma ampea nyingi kwa mpigo bila volti kuanguka. Betri ya kweli ya 5.0Ah, yaani ya chaji nyingi, kwa kawaida ina seli kumi, safu mbili, na inakaribia gramu 600 na zaidi. Ipeleke yako kwa wauza samaki wakupimie. Ikija gramu 350, humo mna safu moja na matumaini.

Na ile Nm 1,200, uliuliza ni ya kufunga au ya kufungua? Hata kampuni kubwa zina namba mbili. Milwaukee ile M18 FUEL kubwa ya nusu inchi iliandikwa futi-pauni (kipimo cha Wamarekani) 1,400 za kufungulia nati iliyokaza, lakini za kufunga ni 1,000, yaani kama Nm 1,900 na Nm 1,356. DeWalt DCF899 iliandikwa futi-pauni 1,200 na 700. Kwenye boksi hukuzwa ile kubwa. Sasa hao ndio wenye maabara. Yako imepimwa na nani, aliyechora boksi?

SpanaMkononi

Ahsante fundi, umeona sasa! Lakini mimi hata volti nimesamehe. Angeniambia "mashine ni mbovu, kaa nayo," ningekaa nayo. Mkono wangu umeingiaje? Alinipima presha?

MzeeWaGede

Kijana, hiyo nati ilikuwa upande gani wa lori?

SpanaMkononi

Shikamoo mzee. Tairi la nyuma.

MzeeWaGede

Marahaba. Nyuma nimesikia. Kulia au kushoto? Fuso na Isuzu zile za zamani zenye magurudumu ya mtindo wa Kijapani, boliti za upande wa kushoto zina meno ya kushoto. Kwenye ncha ya boliti utaona herufi L. Zinafunguka kwa kufuata mwendo wa saa. Ukienda nazo kama za kulia, unakaza.

KijanaWaMaweni

ALLAHU AKBAR 😂😂😂

PwezaMotomoto

Kwa hiyo mashine ilikuwa inafunga?? Nm 1,200 zote zinafunga? Maskini utingo.

SpanaMkononi

Mzee wangu, kwa heshima zote, sikuleta hapa habari za upande. Nimeleta habari za mdomo. Mtu anasimama nyuma ya kaunta, anawageukia wateja, anatangaza ugonjwa wa mwenzake. Hata zahanati wanakupeleka pembeni kwanza.

MzeeWaGede

Upande gani?

TaniboiMstaafu

Nimepiga laini ya Marereni miaka na miaka. Mimi si huyo wa paipu, lakini namwelewa. Sisi hatusomi boksi, tunasoma herufi kwenye boliti. Halafu lile tairi la ndani lina nati yake tena, ya mraba, 21. Wengi wanashinda vita ya 41 halafu wanalilia ya mraba.

FundiBarani

Na msimdharau utingo. Paipu la mita moja na nusu, mtu wa kilo 70 amesimama mwishoni, hiyo ni Nm 1,030 hivi, za uhakika, bila chaji. Tena akiruka juu yake anapita hapo. Yule kijana mwembamba tuseme kilo 55, bado ni zaidi ya Nm 800. Nati yenyewe ya lori la namna hiyo ikifungwa sawasawa haizidi 600 na kitu. Iliyobaki ni kutu.

Mashine ya betri haisukumi mfululizo, ndani mna nyundo inayozunguka na kugonga. Kila pigo likipita kwenye kiungio kirefu, soketi ya bei rahisi na adapta, linapungua njiani. Ulitumia adapta ya nusu inchi kwenda robo tatu?

SpanaMkononi

Nilitumia. Kwa nini nisitumie? KANIUZIA YEYE HIYO ADAPTA.

KijanaWaMaweni

Alikuuzia mashine, adapta na ugonjwa. Jumla shilingi ngapi?

BintiMuyeye

Samahanini, mimi ndiye niliye na malalamiko ya kweli humu. Hayo ya kaunta mtayamaliza kwa supu.

Wiki iliyopita nimepasukiwa na tairi nikipita daraja la Sabaki kwenda Mambrui, jioni, na watoto wawili na gunia la madafu. Natoa wilispana ya gari, nati hazitoki. Nikasimama juu kwa miguu yote miwili, na mimi si mwepesi, mashahidi wapo. Wapi! Mpaka mwenye pikipiki akaja na bomba la maji la nyumba ya shangazi yake. Kisa? Fundi wa panchari alizifunga kwa hizo hizo impakti zenu, tatatata mpaka roho yake iliporidhika. Probox! Nati za Probox zinafungwa na mashine ya kung'olea mnara wa Vasco da Gama!

Kwa hiyo kaka SpanaMkononi, wewe mkono unaumwa wakati wa kufungua tu? Wakati wa kufunga uko fiti?

KijanaWaMaweni

Dada kaua.

FundiBarani

Dada BintiMuyeye una haki kabisa. Nati za Toyota ndogo kama Probox zinatakiwa Nm 103. Wilispana ya kwenye gari ina kama sentimita 30, kilo 60 juu yake ni Nm 176 au hapo karibu. Ikiwa umesimama na haikutoka, aliyefunga alipitiliza mbali. Hapo boliti zinavutika, diski inapinda, siku moja boliti inakatika kwenye rafu. Impakti ni ya kufungulia. Kufunga uanze kwa mkono, umalizie kwa spana ya kupimia nguvu ya kukaza. Mafundi wengi hapa mjini hawana hiyo spana na hawaitaki, inawachelewesha.

MamaDelivari

Mimi wa Shela nilikatikiwa na boliti MBILI. Fundi akaniambia ni barabara. Barabara gani? Gari lilikuwa limeegeshwa!

SpanaMkononi

Jamani tusitoke kwenye mada. Mada ni: "mkono ndio mgonjwa."

MamaDelivari

Nyamaza kwanza wewe. Na wewe si fundi? Magari ya watu unayafunga kwa nini?

SpanaMkononi

Kwa hiyo leo mimi ndiye mshtakiwa?

MzeeWaGede

Hata upande hujatwambia.

MpandaMokowe

Huku Lamu tunawasoma tu. Punda hana nati. Ila kwenye mashine za boti tumelizwa vibaya. Nilimpa fundi injini ya boti afungue kifuniko cha gia, akaja na impakti ya betri, mbio mbio. Boliti ya chuma kisichoshika kutu ndani ya alumini, imekaa kwenye maji ya bahari tangu wakati wa mjomba, zimeshikana zimekuwa kitu kimoja. Akagonga mara moja, kichwa cha boliti kikaruka majini. Mkia ukabaki ndani. Akaniambia "imefunguka."

TaniboiMstaafu

"Imefunguka" 😂 Kweli, kichwa kilifunguka.

FundiBarani

Pale si nguvu, shekhe. Pale ni mafuta ya kupenyeza ulaze usiku, moto kidogo kwenye alumini, halafu spana ya mkono, mbele nyuma, mbele nyuma. Na ukirudisha, paka grisi kwenye meno.

MpandaMokowe

Anajua hayo? Anajua kuuliza ada tu. Na sasa ameniambia mkia utolewe Mombasa.

BintiMuyeye

Nani ana paipu la kuweka kwenye buti? Lisiwe refu sana, mita moja hivi. Mimi mafundi siwaamini tena.

KijanaWaMaweni

Ninalo, mia tatu.

MamaDelivari

Mia tatu paipu? Pale Barabara ya Lamu ni mia mbili na anakukatia. Tena ana ulimi mtamu.

SpanaMkononi

PALE WAPI???

BintiMuyeye

Ahsante dada, nitapita kesho. FundiBarani, na hiyo spana ya kupimia unayo wewe? Nikuletee Probox uzifungue zote uzifunge upya.

FundiBarani

Ninayo. Leta asubuhi, adhuhuri huwa niko Kakuyuni. Na uje na nati moja ya akiba, sioni zote zikirudi salama.

MpandaMokowe

Na mimi nikileta injini? Nitaipakia basi la alfajiri.

FundiBarani

Lete, lakini uoshe kwanza kwa maji baridi, yasiyo ya chumvi. Ya mwisho kuletewa kutoka huko ilikuwa na kaa ndani.

PwezaMotomoto

Huyo kaa alikuwa mkubwa?