Tupeane uzoefu: Wewe na farasi wako mlizoeana vipi njiani?

Mpita Mashambani (Usa River)
Leo asubuhi nimepishana na kijana aliyekuwa akimvuta farasi kando ya shamba la kahawa, tandiko likiwa tupu na suruali yake ikiwa na vumbi upande mmoja, na sikuhitaji kuuliza kilichotokea. Jike wangu alikuwa mtulivu kabisa ndani ya uwanja wa mafunzo, lakini tulipovuka lango aligeuka mnyama mwingine. Siku iliyokuwa mbaya kuliko zote tulikutana na bodaboda iliyobeba mabati yanayogongana. Aliruka pembeni, akageuka, akaondoka shoti kuelekea nyumbani; kikuku kimoja cha kukanyagia kikaniponyoka, nikashikilia singa za shingoni, na mbele yetu kulikuwa na mfereji wa umwagiliaji. Yeye aliuruka. Mimi sikuuruka. Kwa majuma mengi baadaye moyo ulinienda mbio kila nilipokaza mkanda wa tandiko, naye alikuwa akinisikia. Kilichotutoa hapo ni njia moja fupi, ileile, karibu kila asubuhi, kwa mwendo wa kutembea tu, nyuma ya farasi mzee asiyeshtushwa na kitu. Ninyi wenzangu mlifanyaje?

Mama Wawili
Umenikumbusha mfereji wangu. Naunga mkono habari ya farasi mzee.

Saisi wa Ngong
Farasi huona karibu pande zote, ila hawezi kuona kilicho mbele kabisa ya paji lake wala kilicho nyuma ya mkia, kwa hiyo kinachomtokea ghafla kutoka huko humfanya akimbie kwanza na kutazama baadaye. Katika msitu wa Ngong Road, kabla mifuko ya plastiki haijapigwa marufuku Kenya mwaka 2017, adui wetu mkubwa alikuwa mfuko mweusi ulionasa kichakani. Mwache asimame, atazame, ashushe kichwa na kupumua, bila kumbana hatamu, ndipo mpite. Mpandaji akiona hofu imemzidi, ashuke amvushe kwa mguu.

Kiboko ya Wote
Kushuka? Ukishuka leo mbele ya jaa la taka, kesho atasimama palepale akisubiri ushuke.

Saisi wa Ngong
Ndugu yangu, mwenye mguu uliovunjika hamfundishi farasi chochote.

Mwana wa Muscat
Huku Oman, katika ardha, maonyesho ya jadi ya farasi na ngamia ambayo UNESCO iliyaorodhesha mwaka 2018, kuna wapandaji wanaosimama wima juu ya farasi wanaokimbia huku wameshikana mikono, nanyi mnabishania jaa la taka!

Mama Wawili
Hao tunawavulia kofia, shekhe, lakini hapa tunamzungumzia mtu anayetaka kuvuka lango tu.

Mkazi wa Naivasha
Mimi imani yangu ilitoka kwa kiboko. Tulikuwa tukipita karibu na ziwa alfajiri, ukungu ukiwa bado mzito, wakati dume langu, ambalo nilikuwa nimelipanda njia hiyo kwa miezi, liliposimama ghafla na masikio yakaelekea kwenye matete. Kiongozi wetu aliinua mkono, tukanyamaza. Kiboko aliyechelewa malishoni akatokea, akakata njia mbele yetu na kuingia majini bila hata kututazama. Farasi alitetemeka mwili mzima lakini hakukimbia, nami tangu siku ile huyatazama masikio yake kabla ya kuitazama njia.

Kiboko ya Wote
Alikuwa umbali gani? Mlikuwa upande gani wa maji?

Mkazi wa Naivasha
Alhamdulillahi, hatukuwa kati yake na ziwa.

Mama Wawili
Kwa hiyo dawa ya woga ni kutafuta kiboko.

Mpita Mashambani (Usa River)
Tafadhali, turudi kwenye mada. Farasi akishaanza shoti, unamsimamishaje?

Kiboko ya Wote
Vuta hatamu moja mpaka ageuze shingo.

Saisi wa Ngong
Akiwa ndiyo kwanza anaanza, sawa. Akiwa katika kasi kamili, ukimvuta kwa ghafla ataanguka nawe. Mzungushe kwanza katika duara kubwa, ulipunguze taratibu. Mazoezi hayo yafanyike kwa mwendo wa kutembea, siku ambayo hakuna kinachomtisha. Pia msisahau chanjo ya kila mwaka: mvua zinapokuja, visubi wanaoeneza ugonjwa wa farasi wa Afrika (African horse sickness) hutoka kuanzia magharibi mpaka alfajiri, hivyo jioni awe zizini.

Mama Wawili
Na sisi tunaotoka kazini saa kumi na mbili?

Saisi wa Ngong
Jumamosi, baada ya jua kupanda.