Daftari la familia la matembezini na mezani: tulishone vipi lisifumuke?

MezaYaJumapili

Habari zenu wanajamvi. Tunataka daftari moja la nyumba nzima, tulitengeneze wenyewe. Tukienda kutembea mjini kila mtu achore au apate kitu cha kubandika, na jioni tukikaa kula tulijazie pamoja. Watumiaji ni watu wazima wawili na watoto wa miaka 6 na 10.

Daftari letu la kwanza ni la karatasi za kawaida za A4 zilizokunjwa katikati na kupigwa pini mbili za stepla. Kurasa za katikati zimeanza kuchomoka, zilizopakwa rangi za maji zimejikunja, na tiketi zimelivimbisha mpaka halifungi. Halafu mdogo tukifika nje anachora dakika tatu, anasema amemaliza.

Naomba maelekezo ya karatasi ya kutumia, namna ya kushona, na mbinu za kuchora na watoto. Vifaa vilivyopo ni sindano, rula, mkasi, kisu cha karatasi na gundi nyeupe.

---

FundiJalada

Ndugu, tuanze na karatasi maana ugonjwa unaanzia huko. Karatasi ikitengenezwa kiwandani, nyuzinyuzi zake nyingi hulala kufuata mwendo wa mashine. Mkunjo unaofuata nyuzi unatulia. Mkunjo unaozikata unaparuza, unapasuka, na daftari linabaki kufunguka lenyewe. A4 nyingi za ofisini zina nyuzi zilizolala kwa urefu, sambamba na ule upande wa mm 297. Ukizikunja katikati kupata A5 umeshazikata nyuzi.

Dawa ni kununua A3 na kuikata katikati. Kama nyuzi za A3 nazo zimelala kwa urefu, vipande viwili utakavyopata vitakuwa na nyuzi sambamba na upande mfupi, na mkunjo utazifuata. Usikisie, pima: pindisha karatasi bila kuivunja, bonyeza kwa kiganja, kisha igeuze upindishe upande wa pili. Pindo linalokubali kirahisi ndilo linalofuata nyuzi. Ukiwa bado na shaka, kata kipande cha mraba na ulowanishe uso mmoja. Kitajiviringa, na mrija utakaotokea unalala sambamba na nyuzi.

Unene (hutajwa kwa uzito wa mita moja ya mraba ya karatasi): gramu 80 kwa kalamu na penseli tu. Kwa rangi za maji anzia gramu 160, na 200 ni bora. Weka karatasi 8 za gramu 80 (kurasa 32) au 5 za gramu 160 (kurasa 20). Ukizidisha, karatasi za ndani zinachomoza mbele kuliko za nje. Kuchomoza kidogo hakukwepeki; kata ukingo ukishamaliza kushona, si kabla.

Sasa kushona, kwa mgongo wa sm 21. Chukua ukanda wa karatasi wenye urefu wa mgongo, weka alama kwenye sm 1.5, 6, 10.5, 15 na 19.5. Hicho ndicho kigezo. Bana karatasi na jalada pamoja kwa klipu, fungua daftari nusu, laza kigezo ndani ya mkunjo na utoboe kwa sindano nene kutoka ndani kwenda nje. Sindano ielekee katikati kabisa ya pembe. Ikiyumba, matundu ya nje yanaangukia ubavuni mwa mgongo na kila mtu atayaona.

Uzi uwe wa kitani au pamba nene, urefu mara tatu ya mgongo, yaani kama sm 63. Upitishe kwenye nta ya nyuki mara mbili tatu, la sivyo utajisokota na kufanya mafundo. Yahesabu matundu 1 hadi 5 kutoka juu:

1. Anzia ndani, toka nje kwa tundu la 3. Acha mkia wa sm 8.
2. Ingia 2, toka 1, ingia tena 2.
3. Ukiwa ndani, ruka 3, toka 4.
4. Ingia 5, toka tena 4, ingia 3.

Kwenye 2, 3 na 4 uzi unapita mara mbili. Hapo angalia sindano isichome uzi uliotangulia. Ukiuchoma, hata uvute vipi haukazi.

Sasa una mikia miwili ndani, na uzi mrefu unaopita juu ya tundu la 3. Mkia mmoja ukae kushoto kwa uzi huo, mwingine kulia, ndipo ufunge: kwanza kulia juu ya kushoto, kisha kushoto juu ya kulia. Mikia yote ikiwa upande mmoja, fundo halibani ule uzi mrefu na kazi yote italegea. Kata mikia ibaki sm 1.5.

Jambo linaloharibu madaftari kuliko yote ni kuvuta uzi vibaya. Ukikaza, vuta kwa kufuata mgongo, kule unakoelekea kushona. Ukiuvuta kuja kifuani kwako unapasua karatasi na tundu linageuka mpasuko.

---

Mpitaji77

Stepla nayo si mbaya kihivyo. Shida huwa ni pini fupi isiyofika kujikunja ndani, au pini mbili kuwekwa karibu karibu. Kwa karatasi 4 za gramu 80 inatosha. Ila daftari la kubandikiwa vitu lishoneni tu.

---

GundiKidogo

Naongezea kubandika. Daftari linavimba kwa sababu kila tiketi inaongeza unene mbele, huku mgongo ukibaki vile vile. Kwa hiyo mgongo nao uongezwe tangu mwanzo. Kata vipande vya karatasi vyenye upana wa sm 3 na urefu wa mgongo, vikunje katikati, uvishone pamoja na karatasi, kimoja kwa kila karatasi mbili. Vinabaki vidole vya sm 1.5 vinavyoachanisha kurasa na kutengeneza nafasi ya tiketi. Kwa daftari ambalo tayari limevimba, kata ukurasa mmoja katika kila minne, lakini acha ukingo wa sm 1.5 karibu na mgongo. Ukiukata mpaka kwenye uzi, ukurasa pacha wake utadondoka.

Gundi nyeupe ina maji. Nyuzi za karatasi zikinywa maji zinanenepa kuliko zinavyorefuka, hivyo karatasi inatanuka upande mmoja zaidi, ikikauka inavuta. Paka gundi kwenye kile kinachobandikwa, siyo kwenye ukurasa, kwa tabaka jembamba kutoka katikati kwenda kingo. Tia karatasi ya nta chini na juu ya ukurasa huo, funga, weka vitabu vizito usiku kucha. Kwa tiketi ndogo gundi ya kijiti inatosha, na yenye maandishi pande zote mbili ishike kwa ukingo mmoja tu ili iweze kufunuliwa.

Jalada la kadibodi likipakwa gundi na kuvikwa karatasi upande wa nje peke yake, litapinda kuelekea huko. Livike na ndani, nyuzi za pande zote zikielekea juu na chini.

Risiti za mashine zina ujanja wake. Ikwaruze kwa ukucha: ikitoa mstari mweusi, maandishi yake yamechapwa kwa joto na yatafifia, jua na joto yakiharakisha. Piga nakala, bandika nakala.

Rangi za maji: bana kingo za ukurasa kwa klipu nne kabla ya kulowesha na uziache mpaka ukurasa ukauke kabisa. Kwenye gramu 80 hakuna klipu itakayowasaidia.

---

KalamuMfukoni

Dakika tatu kwa mtoto wa miaka 6 ni nyingi, mradi amepewa kitu cha ukubwa wake. Anachoka kwa sababu ameambiwa achore barabara nzima. Kata tundu la sm 5 kwa 7 kwenye kadibodi (uwiano wake unakaribiana na wa A5), afumbe jicho moja na kuchungulia. Kilichomo kwenye tundu ndicho kinachochorwa. Akilisogeza karibu na jicho anapata mtaa, akilinyoosha mbali anabaki na kitasa au taa moja. Aanze na kitasa.

Daftari moja kwa watu wanne linaleta foleni, na foleni inaleta ugomvi. Njooni na vipande vya karatasi nene vya A6, kila mtu na chake, na ubao mdogo wa kuwekea. Daftari libaki kwenye mkoba. Kubandika, kuandika tarehe na kuchagua nani akae ukurasa gani ni kazi ya mezani jioni.

Wa miaka 10 mfundisheni kupima kwa penseli. Mkono unyooke kabisa, jicho moja lifumbwe, kidole gumba kiweke alama ya upana wa dirisha, halafu ahesabu upana huo unaingia mara ngapi kwenye urefu. Kiwiko kikikunjwa hata kidogo, kipimo cha pili hakilingani na cha kwanza. Mtoto atadhani hajui kuchora kumbe ni mkono tu.

Kaeni kivulini, na karatasi nayo iwe kivulini. Karatasi nyeupe juani inachosha macho na huwezi tena kupima weusi wa mstari. Simameni kuchora mapema, kabla njaa na miguu havijaanza kulalamika. Dakika 15 hadi 20 kwa kituo zinatosha.

---

SahaniTupu

Mezani, choreni baada ya kula. Anayewazuia watu kushika vijiko ili achore chakula kingali na mvuke atachukiwa, na kitapoa. Vikombe na sahani zilizoliwa havina haraka.

Na kikombe ni somo zuri sana. Karibu kila anayeanza huchora mdomo wa kikombe kama yai na kitako kama mstari ulionyooka, kwa sababu anajua kikombe kimekaa kwenye meza tambarare. Mwambie aangalie tena. Ukitazama kutoka juu, mdomo ni duara lililobanwa, na kitako nacho kimepinda, tena zaidi ya mdomo, kwa kuwa kiko chini zaidi ya usawa wa macho. Ncha za duara hilo ziwe mviringo, zisichongoke. Kisha ainame mpaka macho yalingane na mdomo wa kikombe: duara la juu linageuka mstari mbele yake. Mtoto akishaliona hilo mara moja ataanza kukagua vikombe vya kila mtu.

---

MezaYaJumapili

Nimeelewa, asanteni sana. Moja limebaki: mkubwa anafuta kila mstari mpaka karatasi inatoboka. Nimbadilishie penseli?

---

KalamuMfukoni

Mpe kalamu ya wino, raba ibaki nyumbani. Mstari uliokosewa auache, achore wa pili pembeni yake. Michoro ya haraka imejaa mistari ya hivyo. Kabla hujainunua kwa ajili ya rangi za maji, ijaribu: chora mistari mitatu, subiri dakika 5, pitisha brashi yenye maji. Wino ukitiririka, kalamu hiyo ni ya kuandikia tarehe tu.